Kigali kwa pikipiki: unakoenda unakuona kabisa, mbona hufiki?

#1 Mwanakirumba
Habari za wakati huu wakuu.

Kuna jambo limenikaa kichwani toka nirudi safari, naomba wanaoujua ule mji wanisaidie. Mimi pikipiki naendesha mwaka wa 11 sasa. Mwanza naijua kichochoro kwa kichochoro kuanzia Igoma mpaka Bugarika kule juu kwenye mawe, na Dar nilikaa miezi minane nikawa natoka Mbagala mpaka Tegeta bila kuuliza mtu. Kupotea sio kawaida yangu.

Mwezi uliopita nikachukua Boxer yangu 150 nikasema ngoja nikaione Kigali, siku nne, sina mzigo sina biashara, kuzunguka mji tu. Nikapita daraja la Busisi (aisee lile daraja limetuokoa, kivuko tulikuwa tunakisubiri mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi), Geita, Runzewe, Nyakanazi, Lusahunga, nikalala Benaco. Asubuhi Rusumo. Mpakani hakuna tabu, unagongewa kutoka na kuingia kwenye jengo moja, chombo kinaandikiwa kibali cha muda. Kutoka hapo kama kilomita 160 hivi, Kirehe, Ngoma, Kayonza, Rwamagana, lami safi unatambaa nayo.

Shida imeanzia mjini. Jioni ya kwanza nilikuwa Kiyovu, chini kidogo ya mjini kati. Lodji yangu ilikuwa Kimihurura, mgongoni mwa lile kuba la Convention Centre linalowaka taa usiku. Na kuba nalionaaa, hilo hapo mbele, ng'ambo ya bonde, mpaka madirisha ya nyumba za jirani nayahesabu. Nikasema hapa nashuka napanda nimefika. Nikashuka. Njia ikapinda, ikapinda tena, ikaishia kwenye ngazi za watembea kwa miguu. Nikarudi juu nikachukua nyingine, kuba likawa mkono wa kulia, naenda likawa nyuma, afu likapotea kabisa. Kuja kushtuka nimezungukwa na mabasi ya mikoani, namuuliza kijana hapa wapi, ananiambia Nyabugogo. Nyabugogo ni upande mwingine kabisa wa mji! Giza limeshaingia na njaa inauma. Nilitumia saa nzima na robo kwa safari ambayo kesho yake nilimfuata motari mmoja (dereva wa bodaboda wa kule) nyuma nyuma tukatumia dakika nane.

Siku ya pili Kimironko kwenda Gisozi, hivo hivo. Siku ya tatu hivo hivo. Na ramani kwenye simu ninayo, nasimama naangalia, naelewa, naondoka, napotea.

Swali langu: kwa nini? Nini kiko Kigali ambacho Mwanza na Dar hakipo?

#2 Kata_Kona
Karibu mkuu. Jibu liko wazi, kule wanaendesha kulia. Watu wanadhani shida ya kuhamia kulia ni kugongana, hapana, hilo unalizoea ndani ya nusu saa kwa sababu magari mengine yanakuonyesha. Shida ni ramani ya kichwani. Kwetu kukata kushoto ni kona fupi, unajibana na ukingo umeshaingia, kukata kulia ndio kona ndefu, unasubiri wenzako wapite. Kichwa chako miaka 11 hakijawahi kuhesabu "kushoto, kulia", kimehesabu "fupi, ndefu". Sasa umefika pahali kona fupi ndio kulia. Kila njia unayodhani umeikumbuka umeikumbuka kinyume. Halafu vipilefti, unaingia unazunguka kinyume na ulivyozoea, ukisema natoka njia ya tatu umeshatoka siko.

#3 Mbavu za Mbwa
Kwa hiyo kule sio kipilefti tena, ni kipiraiti 😂😂

#4 Kata_Kona
Wenyewe wanaita rompwe. Ila kipiraiti naichukua.

#5 Mjomba wa Ujiji
Kata_Kona hapo nakukatalia. Mi ni mtu wa Kigoma, Bujumbura nimeingia na pikipiki sijui mara ngapi, nao kulia vile vile, sijapotea hata siku moja. Kwa nini? Ziwa liko magharibi, milima iko mashariki, mji umelala katikati kama mkeka. Ukiona maji unajua, ukiona mlima unajua. Sasa kama kulia ndio ugonjwa mbona Bujumbura siumwi? (Kwa anayepanga kwenda sasa hivi, pikipiki, bajaji na baiskeli walizizuia katikati ya mji toka 2022, uliza kwanza.)

#6 BintiNgara
Mwanakirumba kaka yangu, hapo Kiyovu uliondoka saa ngapi? Na uliangalia saa wapi, kwenye simu au mkononi?

#7 Mwanakirumba
Saa kumi na moja na nusu jioni dada. Kwenye simu. Saa ya mkononi sina.

#8 BintiNgara
Basi hapo ndipo ulipopotelea. Sisi tuliokulia Ngara mambo haya tumeyaona toka tunanyonya. Ukivuka Rusumo saa inarudi nyuma kwa saa moja, simu inajibadili yenyewe inashika mnara wa upande wa pili wala haikuambii. Sasa kwenu Mwanza saa kumi na moja na nusu jua lipo lipo, mtu anajua mpaka karibu saa moja bado kuna mwanga. Kigali saa kumi na mbili jua linazama, na huku kwetu likizama limezama, hakuna kusubiri. Ulidhani una saa nzima na zaidi ya mwanga, ulikuwa na nusu saa. Ulishuka bondeni mchana ukapandia ng'ambo usiku. Mji uleule mchana na usiku ni miji miwili kwa mgeni, alama zote ulizozishika mchana zinabaki taa taa tu.

#9 Kata_Kona
Hii ya saa sikuwahi kuifikiria. Lakini siku ya pili na ya tatu je? Amesema kapotea mchana pia.

#10 BintiNgara
Hizo mtajaza wengine, mi nimeongelea jioni ya kwanza 🙏

#11 FundiKabureta
Wakuu naomba niongee upande wa chombo maana wote mnaongelea kichwa cha dereva. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi, kabureta iliyowekwa huku chini inamwaga mafuta mengi kuliko hewa, plagi inakuwa nyeusi, pikipiki inakuwa nzito kwenye mlima. Ikiwa nzito dereva bila kujijua anakwepa vilima vikali, anachagua njia yenye mteremko mwepesi, na njia yenye mteremko mwepesi ndio ile inayozunguka. Unapelekwa na injini, sio na macho.

#12 Mwl_Jografia
FundiKabureta ungesema hivyo kwa mtu wa Dar ningekuelewa. Huyu katoka Mwanza, nako ni zaidi ya mita 1,100. Tofauti ya mita mia nne tu, Boxer haiwezi kuiona sana.

Mimi naongeza la jua, mtu wa pikipiki anafuata kivuli chake hata kama hajui. Karibu na ikweta jua mchana liko utosini, kivuli kinakaa chini ya tairi, huna mashariki huna magharibi.

#13 Mbavu za Mbwa
Mwalimu na Mwanza je? Mwanza imehamia lini mbali na ikweta

#14 Mwl_Jografia
Umenishika. Mwanza nyuzi mbili na nusu kusini, Kigali nyuzi mbili kasoro kidogo. Jua ni lile lile. Naifuta hoja yangu ya jua, ile ya mita inabaki.

#15 FundiKabureta
Na mimi yangu siifuti. Mzigo alibeba? Begi siku nne, maji, spana, dumu la akiba. Mwanakirumba sema ukweli kilima cha kutoka bondeni ulipanda na gia ngapi?

#16 Mwanakirumba
Mbili, na pengine moja. Lakini mzigo niliuacha lodji fundi wangu.

#17 Mzaliwa_Biryogo
Salaam wote. Mimi mwenyeji, nimezaliwa Biryogo pale Nyamirambo, na Kiswahili ndio lugha ya nyumbani kwetu, babu zetu wakati wa mkoloni waliwekwa pale Waislamu na wafanyabiashara, wakapaita kambi ya Waswahili. (Mkifika mjini na Kinyarwanda hamkijui shukeni Biryogo, mtapata chai na maelekezo. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi toka 2017 lakini pale kilikuwa rasmi zamani sana.)

Nasoma naona mnaongea mkono wa kulia, saa, kabureta. Ndugu zangu, tatizo liko chini, kwenye bonde. Mji wetu haukujengwa kwenye vilima vilivyosimama kimoja kimoja. Ni migongo mirefu, nyumba na barabara zinafuata mgongo juu, na chini katikati ni maji na majani. Mabondeni huku hakujengwi, hata viwanda vilivyokuwa Gikondo kwenye chepechepe vilihamishwa. Kwa hiyo kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine hakuna njia mia, kuna sehemu chache za kuvukia. Kanogo. Kinamba. Rwandex. Nyabugogo. Mwenyeji akikwambia anaenda mahali hafikirii mahali penyewe, anafikiria navukia wapi.

Mwanakirumba ulisimama Kiyovu ukaliona kuba Kimihurura. Njia yako ilikuwa Kanogo, iko chini yako pale pale. Ukaikosa kidogo tu, ukashika mgongo wa mjini ukateremka nao upande wa Muhima, na mgongo ule ukiteremka nao unamwagikia Nyabugogo. Bonde liliamua, wewe ulishika usukani tu.

#18 Mwanakirumba
Mzaliwa_Biryogo Mungu akubariki. Kanogo! Niliona kibao nikadhani ni jina la duka.

#19 Mzaliwa_Biryogo
Na kingine niongeze. Ukiuliza njia kwa Kinyarwanda mama wa dukani haanzi na kushoto na kulia. Anakwambia haruguru, yaani juu huko, hepfo, chini huko, hakuno, upande huu wa bonde, na hakurya, ng'ambo ya pili. "Ni hakurya" ndio jibu utakalolisikia zaidi. Mgeni anasikia hakurya anaangalia kidole kinaelekea wapi, anaondoka kufuata kidole. Kidole kimeonyesha mahali, hakijaonyesha njia.

#20 Mama Lishe wa Kahama
Hakurya nimeipenda. Kwetu kijijini bibi alikuwa anaelekeza hivyo hivyo, juu kwa fulani, chini mtoni. Kushoto kulia tumefundishwa shule.

#21 Rafiki wa Kololo
Mnaniruhusu niwaletee Kampala? Naishi Kampala mwaka wa sita, kazi yangu ni boda, nyumbani Bukoba. Kampala nayo vilima vitupu na mabonde yake, nayo chini kuna maji, Nakivubo pale ikijaa mvua ikinyesha hupiti. Lakini mgeni wa Kampala anapotezwa na foleni, hapotezwi na vilima. Kwa nini? Kila kilima kina kofia yake. Old Kampala kuna msikiti mkubwa, Kibuli msikiti, Namirembe kanisa, Rubaga kanisa, Kololo minara. Popote ulipo ukiinua kichwa unasoma. Kigali nilienda mara moja nikaona migongo yote imefanana, bati na miti, miti na bati, alama kubwa ni hilo kuba tu. Alama moja haitoshi. Alama moja inakwambia iko wapi yenyewe, haikwambii uko wapi wewe.

#22 Mwl_Jografia
Rafiki wa Kololo hilo ni somo kamili. Ukiwa na alama mbili unajua ulipo, ukiwa na moja unajua upande tu.

#23 Mwanakirumba
Nakubali kabisa maana Mwanza ndio hivyo, nina Bugando kule juu na nina ziwa. Nikiviona viwili nimeshafika. Lakini sasa mbona mchana mjini Kigali yale maghorofa ya katikati nilikuwa nayaona pia, na kuba naliona? Hizo si alama mbili? Na bado nilipotea Gisozi.

#24 Rafiki wa Kololo
Uliziona zote mbili kwa wakati mmoja au kwa zamu?

#25 Mwanakirumba
Kwa zamu. Nikiwa juu naona, nikishuka zinazama zote.

#26 Nduthi_Rongai
Wasee wa TZ niko hapa nasoma tu nikasema wacha niseme yangu. Nilitoka Nairobi na nduthi, Kampala, Mbarara, Kabale, nikaingia Gatuna, hii ilikuwa 2022 mpaka ukiwa umefunguliwa tu baada ya kufungwa karibu miaka mitatu. Kigali nilipotea mbaya sana na mimi naona ni majina ya barabara. Kila kitu ni herufi na namba. KN, KG, KK, halafu namba, halafu Rd ama Ave ama St. Umeambiwa KG 7 Ave umefika KG 7 Ave lakini umefika mwisho wake, na ile hoteli iko mwanzo wake kilomita kadhaa nyuma. Nairobi ukiniambia Tom Mboya nishajua. Jina linakaa kwa kichwa, namba inateleza.

#27 Mzaliwa_Biryogo
Nduthi_Rongai nikusahihishe kidogo ndugu yangu usichoke. Herufi sio za kubahatisha, K ya kwanza ni Kigali, ya pili ni wilaya. N ni Nyarugenge, G ni Gasabo, K ni Kicukiro, zote tatu ndio mji. Ukiona KK ujue uko kusini mashariki, ukiona KN uko upande wa mjini na Nyamirambo, KG ni kaskazini yote mpaka Kimironko. Mgeni anayejua hilo kila kibao kinamsaidia. Ziliwekwa 2012. Ila kweli sisi wenyeji hatuzitumii. Tunasema Sonatubes, tunasema Rwandex, majina ya kampuni za zamani, mabomba na kahawa, na mtoto aliyezaliwa juzi anasema Sonatubes na mabomba hajawahi kuyaona.

#28 Mbavu za Mbwa
Kama Dar na Tazara, Bamaga. Mtu anashuka Bamaga miaka kumi hajui Bamaga ni nini

#29 Kata_Kona
Bora hata Bamaga, kuna majina ya ajabu zaidi. Tusitoke kwenye mada.

#30 Kivu_Motard
Bandugu jambo. Miye niko Goma, ninafanya moto, bodaboda, mwaka wa tisa. Huku kwetu tunaendesha kulia, na saa yetu na ya Kigali ni moja. Ile ya mkono na ile ya saa ya simu hainihusu hata kidogo. Na pale Kigali nilipoteaka siku tatu. Goma haiwezi kukupoteza, ziwa Kivu iko chini, volkano ya Nyiragongo iko juu, usiku ingine inawaka nyekundu unaiona popote. Kigali ndio nilijua mutu anaweza kuona fasi ana kwenda na asifike. Na kitu ingine, huku njia ziko mabaya, mawe ya volkano, unaenda pole unaangalia. Kule lami ni nzuri sana, unatoka mbio, unapita kona yako bila kujua. Njia nzuri njo inapoteza.

#31 BintiNgara
Kivu_Motard hapo nimekuelewa kuhusu saa, lakini nimesema mimi naongelea jioni ya kwanza ya Mwanakirumba tu 😄

#32 Kata_Kona
Na mimi nasema mtu anaweza kupotea kwa sababu mbili. Kivu kapotezwa na lami nzuri, Mwanakirumba kapotezwa na mkono. Homa moja, malaria na taifodi.

#33 Mjomba wa Ujiji
Kata_Kona hukubali kushindwa wewe.

#34 Tairi_Mpya
Samahani natoka nje kidogo, nataka kwenda na mimi Desemba na TVS yangu. Mambo gani ya kuzingatia nisipate kesi?

#35 Dereva_Mstaafu
Tairi_Mpya kijana wangu, mimi nimeendesha lori njia hiyo miaka mingi. Kadi halisi ya chombo, na kama jina la kwenye kadi sio lako uwe na barua ya mwenye chombo. Bima ya kuvukia mpaka, ile kadi ya njano ya COMESA, sisi Tanzania tulijitoa COMESA lakini kadi ya njano tumo. Nunua kabla ya kufika mpakani, mimi niliwahi kuuziwa pale na kijana mmoja karatasi ambayo haikuwa bima, nikalipa mara mbili. Helmeti mbili kama utabeba mtu, na mtu mmoja tu, mshikaki kule sahau kabisa. Mifuko ya plastiki iache Benaco, walipiga marufuku toka 2008 na mpakani wanafungua begi. Na kamera za mwendo zipo barabarani, wenyewe wanaziita Sofia. Ukisikia wenzako wanasema Sofia yuko mbele punguza mwendo.

#36 Mbavu za Mbwa
Sofia jamani. Nitamtafuta

#37 Mama Lishe wa Kahama
Na mimi mara ya kwanza nashuka kwenye basi nasikia vijana wanaita "moto! moto!" nikakumbatia begi nikakimbia. Kumbe moto ni bodaboda.

#38 Mzaliwa_Biryogo
😂😂 Wageni wengi hiyo. Tairi_Mpya angalia pia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ni umuganda, asubuhi watu wote kwenye usafi, kuzunguka na chombo utasimamishwa. Na Jumapili mbili kwa mwezi barabara kadhaa kubwa zinafungwa kwa magari na pikipiki asubuhi, watu wanakimbia mazoezi. Nenda utembee kwa miguu siku hiyo, ndio siku nzuri ya kuelewa mabonde.

#39 Abiria_Daima
Mimi sina pikipiki wala sijui kuendesha, nanunua vitenge na viatu, Kigali naenda kila baada ya miezi miwili na nusu hivi. Nakaa nyuma ya moto. Na sijawahi kupotea. Nikimwona motari anapitia kwingine namwambia kaka huku siko. Nimesoma huu uzi wote nikajiuliza kwa nini mimi mwanamke wa Kariakoo niujue mji kuliko watu wenye miaka 11 barabarani. Nadhani ni kwa sababu mimi nyuma pale nina kazi moja, kutazama. Yule wa mbele anatazama shimo, breki, taa ya gari la mbele, Sofia. Akishuka mteremko macho yako kwenye mita kumi za lami. Mimi nauona mlima unavyogeuka, naona kuba linavyohama kutoka bega hili kwenda bega lile. Mji wa vilima unajifunza ukiwa nyuma. Mwanakirumba ungekodi moto siku ya kwanza, ukae nyuma, kesho yake ndio uchukue yako.

#40 Mwanakirumba
Dada umesema kitu. Maana siku ya nne niliacha pikipiki lodji nikapanda moto kwenda Nyamirambo, na ile siku ndio nilianza kuona. Nilikuwa nadhani ni kwa sababu nimeshazoea.

#41 FundiKabureta
Siku ya nne hukuendesha Boxer yako, na siku ya nne hukupotea. Mimi nanyamaza.

#42 Dereva_Mstaafu
Abiria_Daima nakuheshimu lakini abiria anafuata njia aliyochagua mwenzake. Unaijua njia ya soko, Gisozi ungeweza? Mimi naona Mzaliwa kamaliza, ni bonde. Zamani kabla ya hivyo vibao vya 2012, lori walikuwa wanatuelekeza tupite Poids Lourds tu, njia ya chini inayofuata bonde kutoka Kanogo mpaka Nyabugogo, ikaitwa hivyo kwa ajili ya malori mazito. Sisi wa lori hatukuwahi kupotea Kigali kwa sababu hatukuwahi kupanda juu. Tulikuwa tunaujua mji kwa tumboni. Kijana wa pikipiki anaanzia juu kwenye mandhari, anapendezwa, anashuka bila kujua anashukia wapi.

#43 Abiria_Daima
Mzee shikamoo. Gisozi naenda, kuna mtu nilimpeleka kununua fenicha kule. Unatoka mjini unashuka Kinamba unapanda. Moja kwa moja.

#44 Dereva_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Basi umeshinda wewe.

#45 Kata_Kona
Mzee lori ulikuwa unaendesha usukani wa upande gani? Hapo ndipo ningependa tumalizie.

#46 Dereva_Mstaafu
Kulia, wa kwetu. Kule ukitaka kuovateki huoni kitu, unamtegemea tingo akwambie. Ila kupotea hapana Kata_Kona. Hapana.

#47 Nduthi_Rongai
Kuna wakati hata walikuwa wanajadili kuhamia kushoto ndio wafanane na sisi majirani, sijui iliishia wapi. Wangehama tungejua kama Kata_Kona ako sawa.

#48 Kimya_Kingi
Wakuu mimi huwa nasoma tu sichangii, leo imenibidi. Niko Gisozi sasa hivi, nimeingia jana na pikipiki kutoka Kahama. Nimesimama ukingoni, mjini kati naiona yote, lile jengo refu naliona, nimetoka hapo asubuhi. Saa kumi na moja na dakika ishirini kwa simu. Mama mmoja hapa kaninyooshea kidole kasema hakurya.

#49 Mzaliwa_Biryogo
Usifuate kidole ndugu. Rudi nyuma barabara kubwa, shuka nayo bila kukata popote mpaka uone daraja na magari yamebanana, hapo ndio Kinamba. Ukivuka panda. Uliza Muhima.

#50 BintiNgara
Na washa taa sasa hivi, una dakika arobaini.

#51 Kimya_Kingi
Nashuka.